Kalsiamu kaboneti gramu 10, asidi gramu 20: nimekosea wapi?

Karani wa Mizani (Newala)

Habari zenu wadau. Nina miaka 31, narudia kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani Novemba. Mchana ni karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi huku Newala, usiku watoto wakilala ndiyo nafungua daftari. Msimu wa korosho na msimu wa mtihani vimegongana, kwa hiyo mnivumilie.

Swali lenyewe: gramu 10 za kalsiamu kaboneti zinahitaji gramu ngapi za asidi ya haidrokloriki ili ziishe zote? Ikwesheni wameshaisawazisha:

CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2

Nikaona mbele ya HCl pana 2, mbele ya CaCO3 hapana kitu, maana yake 1. Basi 10 mara 2, nikaandika 20. Majibu nyuma ya kitabu yanasema 7.3. Nimerudia mara nne na kikokotoo mkononi, hiyo 7.3 sioni inatokea wapi. Kinachonichanganya zaidi, asidi imekuwa ndogo kuliko hilo jiwe la kaboneti, na ikwesheni inasema ni mara mbili!

Shuleni mwalimu aliandika ubaoni kwamba moli ni 6.02 × 10²³, tukanakili, kengele ikalia. Mpaka leo naijua kama namba ya simu ya mtu nisiyemfahamu.

Kijana wa Shangani

Dada usijitese. Kariri MaVa = MbVb (M ni moli kwa kila lita, V ni ujazo, a ni asidi, b ni besi), ndiyo dawa ya maswali yote ya moli. Mimi nilitoka na B kwa hiyo hiyo.

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Kijana, hiyo B ilikuwa na bahati ndani yake. Fomyula yako ni ya vimiminika viwili, na inakubali pale tu moja inapokutana na moja, kama NaOH na HCl. Peleka kwenye sodiamu kaboneti: sentimita za ujazo 25 za 0.1 M zinataka 50 za HCl ya 0.1 M, wewe utaandika 25. Halafu dada hapa kapewa gramu. Hizo V utazitoa wapi?

Karani, mwanangu, ulichofanya wewe ni kangomba ya kemia, kama wale wanaonunua korosho bila mizani. Umepima kwa kopo kitu kinachotaka mizani. Zile namba za mbele kwenye ikwesheni ni za kuhesabu vichwa, hazihusiki na gramu. Chembe moja ya kaboneti inataka chembe mbili za HCl, basi. Uzito wa kila chembe ni habari nyingine.

Hebu niambie, hapo ghalani kilo moja ya korosho ghafi ina korosho ngapi?

Karani wa Mizani (Newala)

Shikamoo mwalimu. Inategemea mzigo. Wiki hii nilihesabu sampuli ya kilo moja zikatoka 190. Ndogondogo zinapita 200, na wanunuzi hawazipendi.

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Marahaba. Basi moli unaifanya kila siku ila hujaambiwa. Gunia la kilo 80 likipanda mizani, wewe unajua mle ndani kuna korosho kama 15,200, na hujagusa hata moja.

Sasa tuseme kuna mtu anafunga pakiti, kila korosho moja iende na karanga mbili. Ana kilo moja ya korosho. Je, utampimia kilo mbili za karanga? Korosho zake ni 190, anataka karanga 380. Kama kilo ya karanga ina punje 2,000, hizo 380 ni gramu 190 tu, hazifiki hata robo kilo. Idadi imekuwa maradufu, uzito umeshuka, kwa sababu karanga ni nyepesi. Asidi yako nayo ndiyo hivyo.

Chembe moja ya HCl ni nyepesi kuliko ya kaboneti. Moli moja ya CaCO3 ni 40 za Ca + 12 za C + 48 za O tatu, gramu 100. Moli moja ya HCl ni 1 ya H + 35.5 za Cl, gramu 36.5. Gramu 10 zako ni moli 0.1. Ndiyo sasa unaitumia ile 2: unapata moli 0.2 za HCl. Zirudishe kwenye gramu, 0.2 mara 36.5. Jibu unaliona mwenyewe.

Na huyo usiyemfahamu mwenye 6.02 × 10²³ ni idadi tu, kama dazeni ilivyo 12. Avogadro mwenyewe hakuwahi kuijua. Alichosema mwaka 1811 ni kwamba gesi zenye ujazo sawa, joto sawa na mgandamizo sawa zina idadi sawa ya chembe. Jina lake lilipachikwa kwenye namba hiyo baadaye sana, na mwaka 2019 ndipo ilipofungwa rasmi kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili.

Mjukuu wa Mikindani

Nimesoma nikamkumbuka marehemu babu, alikuwa mchoma chokaa. Magogo yanapangwa duara, matumbawe juu, moto unawaka mpaka mawe yanageuka meupe na mepesi, ukilinyanyua moja unashangaa. Sisi watoto tulikuwa tunasema moto umelila. Kidato cha tatu ndipo nilipojua ni hewa ukaa imeondoka: kilo 100 za kaboneti halisi zinabaki 56, zile 44 zinapaa. Babu akimwagia maji, mawe yanafoka, yanapasuka yanakuwa unga, na zile 56 zinapanda mpaka 74 kwa sababu zimekunywa maji. Hesabu za moli mimi nilizielewa kupitia tanuri lile. Kitabu kilinipita kando.

Karani wa Mizani (Newala)

Tumbawe linapoteza 44 kwa 100?! Sisi korosho ikipungua kidogo tu ghalani kwa unyaufu, maelezo yanatakiwa kwa maandishi.

Mwalimu, 7.3 nimeipata. Nimekwama sehemu ya (b), ujazo wa CO2. Kitabu kinatumia 22.4, pepa ya zamani niliyonayo inatumia 24. Ipi ya kweli?

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Zote. Moli moja ya gesi kwenye nyuzi 0 na mgandamizo wa kawaida wa hewa inachukua desimita za ujazo 22.4. Kwenye joto la chumba gesi imetanuka, inachukua kama 24. Soma swali limetaja hali gani, kisha tazama namba walizokupa kwenye karatasi. Na usihangaike gesi ni nzito au nyepesi. Gramu 16 za methani, ile inayochimbwa Mnazi Bay, zinajaza nafasi ileile ya gramu 44 za CO2.

Nyongeza moja. Ukimaliza, jumlisha gramu za kushoto na za kulia. Zisipolingana, rudi nyuma kabla msahihishaji hajakurudisha.

Kijana wa Shangani

Mwalimu nimenyoosha mikono. Ile ya sodiamu kaboneti nimeijaribu sasa hivi, kweli nimepata 25.

Karani wa Mizani (Newala)

Nimejumlisha. Kushoto 10 na 7.3, jumla 17.3. Kulia CaCl2 11.1, maji 1.8, CO2 4.4, jumla 17.3. Nikafanya nyingine bila kuchungulia majibu: magnesiamu gramu 4.8 ikichomwa. Moli 0.2, inataka oksijeni moli 0.1, gramu 3.2, inatoka oksidi gramu 8.0. Imekaa.

Hii nimeiandika nyuma ya karatasi ya mizani ya mchana, mkulima wa gunia 14, kilo 1,120. Kesho lazima niinakili kabla meneja hajaiona. Asante mwalimu, na chokaa ya babu pia.