Ufadhili kamili Hasselt au London kwa mkopo? Naomba ushauri kabla ya mwisho wa mwezi

Binti wa Sengerema:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mtakwimu, nimeajiriwa kwa mkataba katika mradi wa utafiti wa afya hapa Mwanza, na mwaka huu nimepata udahili wa shahada ya uzamili katika vyuo viwili. Cha kwanza ni London School of Hygiene & Tropical Medicine, kozi ya mwaka mmoja ya takwimu za tiba, bila ufadhili wowote. Cha pili ni Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, kozi ya takwimu ya miaka miwili, kwa ufadhili wa VLIR-UOS, shirika la Ubelgiji la ushirikiano wa vyuo vikuu, unaolipa ada, nauli, bima na posho ya kila mwezi.

Moyo wangu uko London, na sioni haya kulikiri. Huku Kanda ya Ziwa jina la chuo hicho limo katika kazi yetu ya kila siku: ule utafiti wa Mwanza wa miaka ya 1990, ulioonyesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40, ulifanywa kwa ushirikiano na watafiti wao, na hata data za Kisesa, ambako kaya zinafuatiliwa tangu mwaka 1994, wamezifanyia kazi kwa miaka mingi. Hasselt, kwa upande wake, hata ofisini waliniuliza iko nchi gani.

Tatizo ni fedha. Mbali na ada, anayeomba viza ya kusoma London hutakiwa kuonyesha pauni 1,529 kwa kila mwezi hadi miezi 9, yaani pauni 13,761, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 40, na fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo. Mume wangu yuko tayari tuuze kiwanja chetu cha Buswelu, na baba amenikabidhi hati ya nyumba yake iwe dhamana ya mkopo wa sehemu itakayobaki. Tuna mtoto wa miaka miwili. Naomba wenye uzoefu mnishauri.

Msafiri wa Zamani:

Dada, nilisoma Uingereza miaka kadhaa iliyopita, katika chuo chenye jina kubwa, kwa mkopo uliodhaminiwa na nyumba ya wazazi. Elimu niliyoipata siijutii hata kidogo. Ninachokijutia ni kile ambacho mkopo ulinizuia kufanya baada ya kurudi. Nilipata nafasi ya uhadhiri msaidizi, kazi niliyokuwa nikiitamani tangu shahada ya kwanza na ambayo ingenifungulia njia ya uzamivu, lakini nilipopiga hesabu ya mshahara ule na marejesho ya mkopo, nilikuta hautatosha kodi na chakula. Nikachukua kazi iliyolipa zaidi, isiyo na uhusiano wowote na nilichosomea, nikakaa humo miaka minne. Kila mwisho wa mwezi ujumbe wa makato uliingia kwenye simu kabla sijanunua hata kilo ya unga, na jioni ileile baba alipiga simu, akasalimia, akauliza habari za watoto, kisha akauliza kama benki wamekwisha kupata chao. Hakuwahi kunilaumu. Ila nilijua kwamba asiposikia jibu usingizi haumjii.

Jingine ulihesabu mapema: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kawaida, yaani wa kozi za darasani, haruhusiwi kwenda Uingereza na mwenzi wala mtoto. Ada ya huduma za afya ni pauni 776 kwa mwaka, nayo hulipwa yote pamoja unapoomba viza. Na kama kuna mtu amekuambia kwamba utafanya kazi huko ulipe deni, kumbuka kwamba wakati wa masomo mwisho ni saa 20 kwa wiki, na kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027, muda wa kubaki baada ya kuhitimu uzamili umepunguzwa kutoka miaka miwili hadi miezi 18.

Mkongwe wa Data:

Sikubaliani na wanaosema jina la chuo ni pambo tu. Nimekaa kwenye meza za usaili kwa muda mrefu, na najua kwamba mtu aliyesoma London huja na walimu wanaoweza kumwandikia barua na wenzake watakaomwalika kwenye miradi. Hilo lina thamani.

Hata hivyo, binti yangu, nadhani umeuliza sifa za Hasselt kwa watu wasiohusika. Umaarufu wa chuo na umaarufu wa idara ni vitu viwili. Katika takwimu za afya, Hasselt si jina dogo hata kidogo: wana taasisi ya I-BioStat wanayoiendesha pamoja na KU Leuven, chuo kikuu kingine cha Ubelgiji, na huko ndiko anakofanyia kazi Profesa Geert Molenberghs, ambaye maandiko yake kuhusu data za ufuatiliaji na data zilizokosekana husomwa na watakwimu wa afya popote walipo, wa London wakiwemo.

Nikuambie tunavyofanya usaili. Mwombaji tunampa faili lenye watu waliopangiwa kupimwa mara tano, ambapo wengine walihama, wengine walifariki na wengine hawakutokea tu siku ya tatu, halafu tunamwachia saa mbili. Wengi hufuta safu zote zenye mapengo na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayesimama kujiuliza kwa nini yule mtu hakuja, na je, sababu hiyo inahusiana na ugonjwa tunaoupima, huyo tunamwita tena, na hatujawahi kumrudisha kwa sababu ya jina la chuo. Hilo ndilo somo ambalo Hasselt wamejijengea jina.

Aliyepita Diepenbeek:

Nimesoma huko kwa ufadhili huohuo. Madarasa mengi yako kampasi ya Diepenbeek, nje kidogo ya mji wa Hasselt, nami nilikuwa nakwenda kwa baiskeli. Posho inatosha kwa mtu mmoja anayejipikia. Mwaka wa kwanza ni mgumu kwa aliyesahau aljebra ya matriki.

Gharama ambayo hakuna aliyeitaja ni mwanao. Utamwacha na miaka miwili, umkute na minne. Mimi niliacha wa miaka mitatu, na Desemba, jua linapozama kabla ya saa kumi na moja jioni, nilikuwa nakaa na simu mkononi nikimsubiri atoke kuoga ili nimwone kabla hajalala. Waulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kabla hujasaini, ni masharti gani ya kumleta mwenzi na mtoto na fedha kiasi gani zinahitajika.

Usiache Hasselt kwa matumaini kwamba London watakuahirishia udahili mpaka upate ufadhili wa Uingereza wa Chevening au Commonwealth. Waombaji ni wengi mno, na ufadhili ulioachwa mwaka huu hakuna anayekuhakikishia kuupata mwakani. London unaweza kwenda kwa uzamivu, ambako mara nyingi ni mradi unaolipa.

Binti wa Sengerema:

Nawashukuru nyote, hasa Mkongwe. Jana nimeutazama upya mtaala wa Hasselt nikiwa na daftari, na nimeona kwamba mambo matatu yanayonikwamisha kazini kila mwezi yote yamo katika mwaka wa kwanza. Mume wangu amesoma majibu haya hadi mwisho, akakaa kimya sana alipofika kwenye habari ya simu za jioni. Tumekubaliana nisaini Hasselt, na leo asubuhi nimeiandikia ofisi yao kuhusu mtoto. Dada au kaka wa Diepenbeek, nikija kwako faraghani nitaomba unitajie sura za aljebra za kuanza nazo, maana nina miezi mitatu. Jumapili tunakwenda Sengerema kumrudishia baba hati yake.