Onyo linalokuja baada ya hatari: tumechoshwa na miongozo ya programu ambayo hakuna aliyeijaribu

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Usiku wa kuamkia juzi nilikuwa nasasisha mfumo wa kumbukumbu wa ofisi ninayoihudumia, nikiutoa kwenye toleo la zamani kuupeleka kwenye toleo jipya, huku mwongozo rasmi wa mtengenezaji ukiwa wazi kwenye skrini ya pili, nami nikiufuata mstari kwa mstari. Hatua ya 9 iliniagiza niendeshe amri ya kubadilisha muundo wa hifadhidata, yaani mahali mfumo unapotunza taarifa zake zote. Nikaiendesha. Nikafanya ya 10, nikafanya ya 11, kisha nikafungua ukurasa uliofuata na kukuta, chini ya hatua ya 12, kisanduku cha rangi ya njano chenye maneno haya: "Muhimu: kabla ya hatua ya 9, zima huduma zote zinazoandika kwenye hifadhidata, la sivyo data inaweza kuharibika."

Wakati huo huduma hizo, yaani programu zinazofanya kazi chinichini bila mtu kuziona, zilikuwa zimeshaandika kwa dakika 20. Majedwali mawili yalikuwa yamevurugika, na sehemu iliyobaki ya usiku ule niliimaliza nikirudisha nakala rudufu, nikilinganisha rekodi moja baada ya nyingine, na kujiandaa kuwaeleza watu asubuhi kwa nini kazi waliyoiingiza jioni haionekani. Nakala rudufu nilikuwa nayo kwa sababu ni mazoea yangu kuitengeneza kabla sijagusa chochote. Mwongozo wenyewe uliitaja nakala rudufu katika kiambatisho cha mwisho, baada ya orodha ya istilahi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba aliyekiandika kisanduku kile aliijua hatari. Maarifa yalikuwepo, mtu alilipwa kuyaandika, na yakawekwa mahali ambapo hayangeweza kumwokoa msomaji hata mmoja. Mtu anayefuata maagizo hasomi kama anayesoma hadithi. Anasoma hatua moja, anatenda, anaangalia skrini, kisha anarudi kutafuta alipoishia. Mkono wake uko kwenye kibodi muda wote. Ndiyo maana kuweka onyo kabla ya tendo ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa ambayo mwandishi yeyote wa nyaraka za kiufundi hufundishwa, na mtu mmoja tu angeufuata mwongozo ule mbele ya kompyuta kabla haujachapishwa, kasoro hiyo ingeonekana ndani ya nusu saa.

Mambo hayakuishia hapo. Nilipojaribu kuyarejesha majedwali, mfumo ulinipa ujumbe huu: "Hitilafu 1147. Wasiliana na msimamizi wa mfumo." Msimamizi wa mfumo ni mimi. Nikaitafuta namba 1147 katika mwongozo wote wenye kurasa zaidi ya 300 na sikuiona popote. Namba hiyo ilibuniwa na mhandisi fulani, ambaye bila shaka alijua maana yake siku aliyoiandika kwenye msimbo (maandishi yanayounda programu), lakini hakuna utaratibu wowote uliomlazimu kumwambia mtu anayeandika mwongozo.

Asitokee mtu hapa akasema nakuza mambo madogo. Wale mliosoma habari za Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada, mnajua kwamba kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa wasiopungua 6 nchini Marekani na Kanada walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Chanzo kikuu kilikuwa makosa ya programu pamoja na kuondolewa kwa vizuizi vya kimitambo vilivyokuwepo katika mashine za awali. Lakini mwaka 1986, huko Tyler, Texas, mhudumu aliyekuwa mbele ya skrini aliona maneno "Malfunction 54" (Hitilafu 54), na kitabu cha mwendeshaji kilichokuja na mashine hakikueleza namba hiyo ina maana gani. Mashine ile ilikuwa na mazoea ya kutoa ujumbe wa hitilafu mara kwa mara, kwa hiyo mhudumu akabonyeza kitufe cha kuendelea kama alivyozoea, na mgonjwa akapigwa mionzi kwa mara ya pili. Hifadhidata yangu haikumuua mtu, na nashukuru kwa hilo, ila tabia ya kumwachia mtumiaji namba tupu katika saa yake ngumu ni ileile.

Kesho yake niliandika malalamiko kwa mtengenezaji. Jibu la kwanza kutoka dawati la huduma lilinitaka nisome mwongozo. Baada ya kubishana sana nilipata kuzungumza na mmoja wa waandishi walioshughulika na mwongozo huo, na tangu hapo hasira yangu imehama kabisa kutoka kwake kwenda kwa wale wanaompangia kazi. Alinieleza kwamba aliletewa maelezo zikiwa zimebaki siku tatu toleo litoke. Mfumo wa majaribio hakupewa ruhusa ya kuuingia, kwa hiyo picha za skrini alizitoa kwenye toleo lililopita. Hatua za 1 hadi 11 ziliandikwa na kundi linaloshughulikia hifadhidata, hatua ya 12 na kuendelea zikaandikwa na kundi la huduma, na kazi yake yeye ikawa kuziunganisha na kusahihisha tahajia. Onyo lile lilitoka kwa kundi la pili. Likabaki katika sehemu ya kundi la pili.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwongozo huohuo unamwita mtu yuleyule "mtumiaji" katika sura ya 2, "mwenye akaunti" katika sura ya 5 na "mhusika" katika sura ya 8, hadi nikadhani ni watu watatu wenye haki tofauti. Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika kwamba taasisi inayobuni mfumo hutoa muundo unaofanana na jinsi watu wake wanavyowasiliana wao kwa wao. Wahandisi wanapenda kuyarudia maneno hayo wanapojadili msimbo, ila ni nadra kuwasikia wakiyatumia kwa nyaraka, ingawa kwenye nyaraka yanaonekana wazi zaidi: palipo na ukuta kati ya idara mbili, hapo ndipo msomaji anapotumbukia. Mwandishi angekaa kwenye vikao tangu mfumo unabuniwa, angekuwa wa kwanza kuuliza kwa nini kitu kimoja kina majina matatu, na swali hilo lingeunyoosha mfumo wenyewe kabla ya mwongozo.

Wapo watakaosema kwamba watu hawasomi miongozo, kwa hiyo tunapoteza muda. Hoja hiyo imezeeka na majibu yake ni ya zamani vilevile. Katika miaka ya 1980, mtafiti John Carroll na wenzake wa kampuni ya kompyuta ya IBM waliwachunguza watu waliokuwa wakijifunza programu za ofisini, wakaona kwamba wanaojifunza huruka kurasa za utangulizi, huanza kujaribu kazi halisi mara moja, na hukwama pale wanapokosea bila kuelezwa namna ya kujinasua. Wakatengeneza vitabu vifupi zaidi, vilivyopangwa kwa kazi ambazo mtu anataka kuzifanya na vyenye maelezo ya kutambua kosa na kulirekebisha, na waliovitumia walijifunza kwa haraka zaidi. Kwa hiyo msomaji hapaswi kulaumiwa kwa kuruka kurasa 40 zinazosifu uwezo wa mfumo. Nami niliruka, na ningeziruka tena.

Gharama nayo ni kisingizio. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi wa programu, alishaonyesha kwamba kumtazama mtumiaji akifanya kazi, hata wakiwa watu 5 tu, kunafichua sehemu kubwa ya matatizo ya urahisi wa matumizi. Unamkalisha mtu ambaye hajawahi kuuona mfumo, unampa mwongozo, unamwomba aseme kwa sauti anachokifikiria, kisha unanyamaza na kuandika kila anaposita. (Kunyamaza ndiko kunakowashinda wahandisi wengi, mkono unawawasha kuelekeza kitufe kilipo, na wakishaelekeza, jaribio limeharibika.) Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, cha mwaka 1998 na kupitiwa upya 2018, kinaupima urahisi wa matumizi kwa watumiaji mahususi, malengo mahususi na mazingira mahususi. Mazingira yangu yalikuwa mtu mmoja, usiku wa manane, mfumo ukiwa nusu umebadilishwa. Hakuna aliyeyafikiria.

Kwa wanaodhani nadai mambo ya anasa, mwongozo wa kwanza wa Unix (mfumo endeshi wa kompyuta), wa Novemba 1971, ulikuwa na kipengele cha kasoro zinazojulikana katika kurasa zake, na pia kipengele kilichomtaja mwenye dhamana ya programu inayoelezwa. Zaidi ya miaka 50 iliyopita, kikundi kidogo cha watu kiliona ni jambo la kawaida kumwambia msomaji mahali programu inapokosea na nani wa kuulizwa. Mwongozo nilioutumia mimi hauna jina, hauna tarehe ya kupitiwa, na ukurasa wake wa mawasiliano unakurudisha kwenye ukurasa wa mwanzo.

Ninachokidai ni kwamba kosa katika mwongozo liandikishwe kama hitilafu ya programu, lipewe namba, uzito na mtu wa kulishughulikia, na toleo lisitoke kabla hatua zake hazijafuatwa na mtu asiyehusika kuziandika. Mwandishi apewe mfumo wa majaribio siku ileile wahandisi wanapopewa. Kila namba ya hitilafu inayoingizwa kwenye msimbo iambatane na maelezo yake, na isipokuwa nayo, msimbo huo ukataliwe kwenye ukaguzi. Wahandisi mlio humu, mnaweza kuanza na hilo la mwisho bila kumwomba ruhusa meneja yeyote.

Taarifa niliyoipeleka kuhusu hatua ya 9 ilifungwa jana jioni kwa maneno mawili: "Si hitilafu." Nimeifungua tena leo asubuhi, nimeambatisha picha za kurasa zote mbili pamoja na kumbukumbu za seva zinazoonyesha zile dakika 20, na kila watakapoifunga nitaifungua upya hadi kisanduku kile cha njano kihamie juu ya hatua ya 9.