Wikendi moja Mombasa na mzee wa miaka 71, tuone nini tuache nini?

MtotoWaMwalimu:
Habari zenu wadau. Niko Nakuru na nataka kumpeleka baba Mombasa wikendi ya kwanza ya Agosti. Mzee alifundisha historia sekondari miaka 33, mambo ya Wareno na Waomani anayajua kama jina lake, Fort Jesus ameichora ubaoni mara sijui ngapi lakini hajawahi kuiona kwa macho, kila mwaka ilikuwa karo ya huyu, karo ya yule, mpaka akastaafu. Sasa shida ni muda na goti. Tunatoka Ijumaa na Jumapili usiku lazima tuwe njiani kurudi, halafu goti lake la kulia halitaki ngazi nyingi wala kutembea juani. Bichi hataki kabisa, anasema mchanga ataukuta kaburini (ndivyo alivyo, msishtuke). Nimeandika Fort Jesus, Mji wa Kale, Gede, Jumba la Mtwana, Haller Park na zile pembe za ndovu za bandia za Moi Avenue. Inawezekana ama najidanganya? Na ni SGR ama basi?

reli_na_chai:
Treni bila kufikiria mara mbili, basi usiku kucha na hilo goti ni kumtesa mzee bure. Kata tiketi kwa simu, *639#, na ukate ya kwenda na ya kurudi siku hiyo hiyo kwa sababu za Jumapili huisha haraka sana na August ni likizo. Tangu Januari 2024 kiti cha kawaida ni 1,500 na daraja la kwanza 4,500. Kama bajeti inaruhusu mpe mzee daraja la kwanza angalau kwenda, zile siti za kawaida mnaangaliana magoti na mtu mliyekutana naye leo na hakuna pa kunyoosha mguu.

Chukueni ya saa tisa alasiri, hiyo ya saa mbili asubuhi inasimama kila mahali njiani. Lakini mkitoka Nakuru msiseme mtatoka saa tano eti mtafika, mkipata jam pale Rironi kwaheri treni. Stesheni ya Syokimau muwe mshafika saa moja na zaidi kabla, kuna ukaguzi, mabegi yanapangwa chini kwa mstari mbwa apite akinusa, kisha mashine, kisha vitambulisho, hayo yote mzee amesimama. Mnashuka Miritini kama saa mbili usiku na huko ni mbali na mji, msije mkadhani stesheni iko kisiwani. Panga gari mapema ama mpande matatu za pale nje. Kurudi kuna ya saa nne usiku, inawafikisha Nairobi kabla ya alfajiri.

Mvita_damu:
Yakhe hiyo orodha yako ni ya wiki nzima si ya siku mbili. Gede ifute. Ni magofu ya mji wa kale karibu na Watamu, kilomita 100 na ushei kutoka kisiwani, kwenda na kurudi siku imekwisha na babako hajaona kitu ila viti vya matatu. Najua imeingia urithi wa dunia 2024 na kila mtu ataka kwenda, lakini hiyo ngojeni safari ya Malindi. Haller Park ni wanyama, peleka watoto. Pembe mwapiga picha mkipita, dakika mbili, mwaendelea na safari zenu.

Jumamosi amkeni mapema. Saa moja muwe Kibokoni mwala mahamri kwa mbaazi za nazi, na mlango wa ngome ukifunguliwa nyinyi ndio wa kwanza. Tarehe hana haja ya kuambiwa na mtu, kujengwa 1593 mpaka 1596, kuzingirwa na Waomani 1696 mpaka 1698, ajua. Ambacho hajui ni urefu wa ule ukuta ukisimama chini yake. Ubaoni ngome ni mistari, hapa ni jiwe la matumbawe limekwenda juu mpaka shingo yauma. Ndani ni uwanja wazi na miti, pa kukaa papo, kwa hivyo msikimbie. Kuna mifupa ya nyangumi, mizinga, nyumba ya Waomani juu kwenye buruji, na vitu vilivyoopolewa kwenye ile meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama 1697 wakati wa kuzingirwa. Mkishaviona hivyo mpelekeni kwenye ukuta wa upande wa bahari, mumwonyeshe maji, meli yenyewe ilizama hapo hapo mbele ya ngome. Mimi nimezaliwa hapa na bado yanishika.

Saa tano mtoke, jua lishakuwa lake. Mrudi hotelini mulale. Mji wa Kale ni wa baada ya alasiri, vibaraza vina kivuli na watu watoka. Ingieni kwa Ndia Kuu (ndia ni njia kwa Kimvita, si spelingi mbaya kama watu wa bara wanavyodhani) polepole mpaka Msikiti wa Mandhry, wa 1570, mutazame ule mnara, halafu mteremke kidogo muone bandari ya kale. Goti likilia mkae barazani, muuza kahawa atapita akigonganisha vikombe. Kahawa chungu kwa kashata. Hapo mzee atapata wazee wenzake na huenda ukashindwa kumtoa.

Jambo jengine, vaeni nguo za heshima na musipige watu picha bila kuwauliza.

pwani_raha:
Fort Jesus ni ukuta mkuukuu tu, nusu saa umemaliza. Mpeleke mzee Diani akanywe madafu, historia si ashaisoma

Mvita_damu:
@pwani_raha soma swali. Mzee asema hataki mchanga.

DadaWaTanga:
Jamani shikamoo yangu mfikishieni mwalimu. Mie huwa nakuja Mombasa kwa Horohoro, naingilia Likoni, na nitapingana kidogo na Mvita hapo juu, hajasema kitu cha Jumapili. Jumba la Mtwana msiliache. Ni Mtwapa tu, mkivuka daraja si mbali, na njia yenyewe tambarare chini ya miti mikubwa, goti halitalalamika. Ni magofu ya karne ya 14 na 15, watu wachache mno, tulipokwenda mwaka juzi tulikuwa sisi wanne na ndege. Msikiti uko karibu kabisa na bahari, ukikaa kimya unasikia mawimbi ndani ya kuta. Na mkiwa mnakwenda mpite Kengeleni, mwambie mzee ashuke aione ile kengele ya Frere Town, mji wa watumwa walioachiwa huru miaka ya 1870. Jina la mtaa limetoka hapo, watu wanapita kila siku na matatu hawajui.

Tahadhari moja tu. Nje ya ngome watakufuata vijana wa kutembeza wageni. Wengine wanajua kazi kwelikweli. Lakini elewaneni bei kabla hujapiga hatua. Mie niliambiwa "dada, utanipa chochote roho yako itakavyopenda", roho yangu ikapenda mia tano, akanirudishia mkononi, akasema elfu tatu. Tukabishana pale mbele ya watu mpaka mwanangu akaanza kulia. Nikatoa elfu moja na mia tano, na ndoo ya aibu.

Jioni ya Jumamosi kama nguvu zipo, pandeni feri ya Likoni, kwa miguu hulipi, mnavuka na kurudi. Lakini isiwe saa watu wanatoka kazini, mtasukumwa.

MtotoWaMwalimu:
Asanteni sana, Gede na Haller nimefuta. Jumba nimeweka Jumapili asubuhi. Tiketi nimekata zote mbili, daraja la kwanza kwenda, kurudi kawaida kwa sababu mfuko pia una goti.

MtotoWaMwalimu:
Wadau tumerudi, nimeona niwaletee jibu. Ngome tuliingia asubuhi tukatoka saa sita na nusu, siyo saa tano, samahani Mvita. Tulichukua kijana wa kututembeza, bei tukaelewana kabla, kijana akaanza maelezo vizuri tu, sasa akafika kwa jela akasema Waingereza waliitumia mpaka uhuru. Mzee akakohoa. "1958, kijana wangu. Kutoka 1895." Kuanzia hapo mambo yakageuka, kijana ndiye alikuwa anauliza na mzee anajibu, na Wazungu wawili waliokuwa nyuma yetu wakaanza kutufuata wakidhani ni mmoja wa wafanyakazi. Mwisho kijana akapunguza bei mwenyewe.

Ukuta wa baharini alisimama peke yake muda mrefu. Sikumsumbua. Aliporudi akaniuliza tu, "Hivi hapa ndipo walipokuwa wanangojea meli za Goa?" nikamwambia mwalimu ni wewe.

Goti lilishika barazani Ndia Kuu kama mlivyosema, tukakaa mpaka magharibi. Jumba la Mtwana tulifika, Kengeleni alishuka akaishika ile kengele kwa mkono. Feri hatukupanda, tulikuwa tumechoka.

Sasa swali lingine. Mzee alinunua mabuyu ya watu wa kanisani na chupa ya achari, akaweka begi moja na shati lake jeupe la harusi ya dada yangu. Achari imevuja kwa treni, mabuyu yameloa, shati ni jekundu kuanzia kola mpaka mfukoni. Harusi ni Jumamosi. Rangi ya mabuyu inatolewa na nini?

Mvita_damu:
Haitoki.

DadaWaTanga:
Jaribu ndimu na chumvi, anika juani. Lakini Mvita anasema kweli, haitoki.