Wanafunzi wa ukutubi Bagamoyo, jioni zetu tuzipangeje?

Mkutubi Mtarajiwa: Wakuu, habari za saa hizi. Niko mwaka wa kwanza, diploma ya ukutubi hapa Bagamoyo. Tukitoka darasani wengi tunaishia kwenye simu. Tunataka ratiba ya kila wiki, mambo ya fani yetu. Tuanzie wapi?

Dada wa Kaunta: Karibu kwenye fani, mdogo wangu. Anzeni na Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada, jioni moja kila wiki. Kila mtu aje na kitabu, wenzake wakipe namba. Riwaya ya Kiswahili wengi wataikimbiza 496.392, kumbe hiyo ni lugha. Fasihi yake ni 896.392. Mkibishana hapo nusu saa, hamtasahau hadi mnastaafu.

Jioni nyingine tengenezeni vitabu vilivyochanika. Gundi nyeupe, brashi ndogo, karatasi nyembamba, kisha kitabu kilale chini ya kitu kizito hadi asubuhi. Selotepu msiiguse! Inageuka njano na kuacha doa lisilotoka. Naumia sana nikiona kitabu kizuri kimeharibiwa hivyo.

Mzee wa Masijala: Na nyaraka je, wanangu? Jumamosi moja nendeni makumbusho ya Misheni Katoliki. Wamisionari walifika hapo 1868. Ulizeni wanavyotunza picha na karatasi, maana unyevu wa pwani hauna huruma.

Mkutubi Mtarajiwa: Shikamoo mzee, asante. Asante dada. Jumatano tunaanza na Dewey. Hiyo gundi naipata steshenari?

Dada wa Kaunta: Ipo. Sema ile ya karatasi, si ya viatu.