Vani ya mizigo inavuma mbele: nibadilishe beringi tu au habu nzima?

Msafirishaji: Wakuu, vani yangu inavuma mbele, na mvumo unapanda kadiri ninavyoongeza mwendo. Nikikata kona ya kushoto unazidi, nikikata kulia unapungua. Fundi mmoja anataka kuitoa beringi (ringi mbili zenye gololi katikati, zinazoliwezesha gurudumu kuzunguka) na kupachika mpya kwa presi, yaani mashine ya kusukumia kwa nguvu, mwingine anasema nibadilishe habu nzima, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Gari liko kazini kila siku. Nimsikilize nani?

FundiChuma: Kona ya kushoto inalaza uzito kulia, kwa hiyo anzia gurudumu la kulia. Piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mtu akanyage breki: mchezo ukiisha, ni beringi, ukibaki, kagua boljointi, kile kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu na mikono yake. Lisipocheza bado usiiache. Zungusha gurudumu huku umeshika springi. Beringi iliyoanza kuchimbika utaihisi mkononi.

Kuhusu swali lako, chungulia kwanza habu imefungwaje. Kama imeshikwa kwa bolti, hakuna mjadala, inabadilishwa nzima. Kama ni ya presi, beringi pekee ni nafuu na inadumu, mradi fundi ajue pa kusukuma. Beringi ikiingia kwenye nyumba yake, yaani tundu inamokaa, inasukumwa ringi ya nje. Habu ikiingia, ringi ya ndani ndiyo inayoegemezwa. Nguvu ikipitia kwenye gololi, njia zake zinabonyea na utarudi na mvumo uleule. Anayetumia nyundo mkimbie.

MamaMagari: Mimi nasimamia vani kadhaa na nachagua habu kamili, hata zile za presi. Beringi ya zamani ikitolewa, mara nyingi ringi yake ya ndani hubaki imeng'ang'ania habu. Inakatwa, habu inakwaruzika, na beringi mpya inakaa juu ya makovu. Na kama gari lina ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, kuna beringi zenye upande wa sumaku ambao lazima uelekee sensa. Ukigeuzwa, taa inawaka na kazi yote inarudiwa.

Mzee_Grisi: Hamjagusa beringi za koni, zenye rola za mshazari badala ya gololi, ambazo vani nyingi za zamani zinazo. Hizo msikimbilie kuzitupa. Fungua, osha, kagua rola, paka grisi mpya bila kuchanganya na ya zamani, weka sili mpya. Kaza nati ukizungusha gurudumu, ilegeze, kisha irudishe kwa vidole na ufunge pini. Ukiikaza sana beringi inaungua.

Msafirishaji: Nimechungulia, ni ya presi na ABS ipo. Nachukua habu nzima. Nibadilishe na kushoto?

FundiChuma: Kushoto ipime tu, ikiwa kimya, iache. Dai nati mpya ya shafti na spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), na gari lisishushwe kabla ya nati kukazwa, maana ndiyo inayobana ringi mbili za ndani zikae pamoja. Halafu punguza mzigo. Ukizidisha uzito, hata habu mpya haitakaa.

MamaMagari: Na nati za gurudumu zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100.