Tupeane uzoefu: ulipopewa albamu na mtu anayeipenda, ulimwambia ukweli?

Wakuu, salaam. Sisi wapenda muziki tuna desturi nzuri ya kupeana albamu: "Sikiliza hii, halafu niambie." Shida iko kwenye kuambiana. Wengi tunajibu "kali sana mkuu" wimbo wa tatu haujaisha, na aliyekupa anabaki hajui kama umesikiliza au umemridhisha tu. Naomba tusimulie: ulipewa albamu gani, na nani, na baada ya kuimaliza yote ulimjibu nini.

Naanza mimi. Kaka mmoja ninayebadilishana naye muziki wa dansi alinipa "Mambo" ya Remmy Ongala na Super Matimila, iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1992. Kwake yeye Dokta, yaani Remmy, hakuwahi kufanya kazi kubwa kuliko hiyo. Nikaiweka kwenye spika nzuri, mwanzo mpaka mwisho. Nikamwambia magitaa yamerekodiwa safi kiasi kwamba unaweza kulifuata moja peke yake wimbo mzima, raha tupu. Lakini baadhi ya nyimbo Remmy kaziimba kwa Kiingereza, na hapo mimi nampoteza. Remmy alikuwa mtu wa kusema na watu. Akiwa kwenye Kiswahili anaacha kuimba katikati, anaanza kumwongelea mnyonge kama vile amekaa naye kibarazani, gitaa linamsubiri. Kwenye "One World" ujumbe ni mzuri, ila yule msemaji simsikii. Nikamalizia kwamba nabaki na "Songs for the Poor Man" ya 1989. Kaka alinuna. Kisha akanitumia ujumbe wa sauti mrefu kweli, anatetea "Kidogo Kidogo" karibu sekunde kwa sekunde, na tangu hapo maongezi yetu ya muziki yamekuwa matamu kuliko zamani.

Haya, karibuni.

Mdau wa Mombasa:
Ahsante kwa uzi. Mpwa wangu yuko Muscat, alinitumia "Siti of Unguja" ya Siti Muharam, ya mwaka 2020. Huyu binti ni kitukuu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa zamani wa Unguja, na albamu imesimama juu ya nyimbo za bibi huyo. Mpwa anajua mimi ni wa taarab ya kizamani, alikuwa angoja nimkaripie. Sikumkaripia. Nilimwambia sauti imetulia, haikimbilii kupamba, na pale udi unapobaki naye karibu peke yao mwili wasisimka wallahi. Ila ule mvumo mzito wa studio uliotandazwa chini ya baadhi ya nyimbo mimi wanitoa barazani. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa sahani ulichukua kama dakika tatu tu, kwa hivyo kila neno lilibidi liwe na kazi. Huku nafasi ni tele, na kuna mahali maneno yangoja muda mrefu mno. Mpwa akanijibu, "Mjomba, mimi huo mvumo ndio ulionifanya niisikilize taarab." Nimeufikiria sana huo usemi wake.

Mdau wa Nakuru:
Mimi nilinyamaza tu. Aliyenipa alikuwa shemeji, na harusi ilikuwa wiki hiyo hiyo.

Mdau wa Mwanza:
Mwalimu mwenzangu alinipa albamu ya jazz, "Kind of Blue" ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ya 1959. Nyimbo tano tu, hakuna anayeimba. Nilimwambia wazi kwamba wimbo wa kwanza umenikamata: besi inatoa kauli, vyombo vya kupuliza vinaitikia kwa sauti mbili fupi, inarudia, vinaitikia tena. Sisi tuliokulia kwenye ngoma hatuhitaji kufundishwa hilo. Nyimbo za polepole, mbili kati ya hizo tano, zilinipita. Hakukasirika. Aliniambia nifuate piano ya Bill Evans, niache tarumbeta. Nimefuata. Moja imefunguka, nyingine bado.

Mama wa Temeke:
Wanangu, kijana wa jirani anayetengeneza midundo alinipa "Sounds of Sisso", mkusanyiko wa singeli, ule muziki wa kasi wa vijana wa Dar es Salaam, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nilimwita nikamwambia: humu ndani nasikia vinanda vya taarab na mchiriku vilivyokimbizwa, na hilo nalipenda, maana mnabeba vya kwetu. Lakini mdundo ukizidi mapigo 200 kwa dakika, nataka MC, yule anayeghani juu ya mdundo, wa kunishika mkono. Palipo na MC nilicheza hapa sebuleni. Palipo na mdundo mtupu nilichoka mapema. Aliandika kwenye simu yake kila nilichosema, akaniuliza ni kipande kipi hasa. Sasa kaniletea "Tatizo Pesa" ya Jay Mitta. Nikiimaliza nakuja hapa kuwaambia.