Kurekodi ujuzi wa wazee kuhusu mimea: je, orodha inatosha?

Muulizaji
Ndugu wanajukwaa, ninakusudia kukusanya ujuzi wa wazee wa jamii yetu kuhusu mimea ya tiba, ya chakula, ya kamba na rangi, pamoja na ile isiyokatwa kwa sababu ya miiko. Je, orodha ya majina na matumizi inatosha?

Jibu la kwanza
Haitoshi, kwa kuwa jina moja la kienyeji huweza kubeba spishi mbili au tatu, na kukosea mmea wa dawa ni hatari. Chuma tawi lenye maua au matunda, libane katikati ya magazeti hadi likauke, kisha uandike tarehe, mahali, kimo cha mmea na rangi ya ua, maana rangi hufifia. Hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya chuo au makumbusho italitambua na kulitunza. Sampuli za Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, za karne ya 18 zinachunguzwa hadi leo. Mmea adimu upige picha tu.

Jibu la pili
Kabla ya kuchuma chochote, omba ridhaa ya wazee, ukiwaeleza wazi maandishi yako yatasomwa na nani. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, juu ya matumizi ya bizari ya manjano kuponya vidonda, ikaifuta mwaka 1997 baada ya India kuonyesha maandishi yaliyothibitisha kuwa tiba hiyo ilijulikana zamani. Hapo maandishi yaliokoa. Wasan wa kusini mwa Afrika, ambao tangu kale walitafuna hoodia, mmea wa jangwani unaofanana na dungusi, ili kuzuia njaa wakiwa mawindoni, walikuta hataza imekwisha kutolewa bila wao kushirikishwa, na makubaliano ya kugawana mapato yalifikiwa mwaka 2003 tu. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa kuhusu kugawana kwa haki faida zitokanazo na mimea na viumbe wengine, ilizaliwa na madhila ya namna hii. Kwa hiyo mzee akisema jambo fulani lisiandikwe, liache.

Jibu la tatu
Naongeza kwamba uandike pia namna ya kuvuna: msimu, sehemu ya mmea, na nani anaruhusiwa. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, njia ya chakula kushuka mizizini hukatika na mti hufa, ndiyo maana mvunaji mjuzi hubandua upande mmoja tu. Ujuzi huo hauonekani katika orodha. Fuatana na vijana wa jamii, wao ndio wachume na kuuliza, nawe uandike.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, mzee akikataa, lakini mwanawe akaruhusu?

Jibu la pili
Fuata neno la mzee.